Moyo Unaoelemewa Katika Nchi ya Majani Chai

Katika Kiswahili cha Kenya, mtu mwenye cheo kikubwa huitwa mnene. Magazeti huandika habari za wanene wa serikali na wanene wa vyama, na hakuna msomaji anayeuliza wanene hao wana kilo ngapi, kwani sote twajua kwamba neno hilo limekwisha kuvuka mipaka ya mwili na kuingia katika milki ya mamlaka. Kwa upande wa pili, mtu aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini iwapo ana maradhi au ana madeni. Na kijana anayerudi nyumbani Litein au Sotik baada ya mwaka mmoja wa kazi Nairobi, mashavu yamejaa na vifungo vya shati vimekaza, hupokewa kwa sifa: "Umepata afya!" Afya ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya uzima. Sisi tumelifanya kuwa jina la adabu la mafuta.

Mimi ni mwanaisimu, wala si daktari, na sina desturi ya kuingilia shamba la wenyewe. Lakini maneno ni shamba langu, na nimeona kwamba kuna maradhi ambayo katika nchi yetu ya chai, yaani Kericho na Bomet, yanajificha nyuma ya maneno. Maradhi hayo ni moyo kushindwa na kazi yake kwa sababu ya uzito wa mwili. Naandika hasa kwa walimu na wanafunzi, kwa sababu mwalimu wa leo yumo katika kundi linalohatarishwa, na mwanafunzi wa leo ndiye atakayeulizwa na mamake mzazi maana ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya hospitali.

Desturi ya kuusifu unene haikuzuka bure. Wazee wetu waliziona njaa kwa macho yao, na kunenepa kulikuwa ushahidi kwamba ghala lina nafaka na ng'ombe wana maziwa. Kisha likaja janga la ukimwi. Katika miaka ya 1980 jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo "Slim", yaani wembamba, na hata huku kwetu mtu akipungua uzito katika miaka ya 1990 majirani walianza kunong'ona. Yamkini kizazi kizima kilijifunza kwamba kukonda ni dalili ya kifo na kunenepa ni cheti cha usalama. Leo dawa za kupunguza makali ya virusi zapatikana, lakini cheti kile bado chatolewa barazani, sokoni na kwenye lango la kanisa.

Na sasa tutazame hesabu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukizwa, uitwao STEPS, ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene uliopindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5. Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2008 na 2009 ulikuwa umekuta robo ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa katika hali hiyo. Ule wa mwaka 2014 ukakuta thuluthi. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Mwenye kuhesabu kwa makini atasema kwamba umri uliotumika haulingani, kwa hiyo haifai kuilinganisha miaka hiyo neno kwa neno. Ni kweli. Hata hivyo, mwelekeo wa mlima hauhitaji rula.

Utafiti huo wa 2015 una tarakimu nyingine ambayo kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote. Karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu lililopanda, ilhali asilimia 56 ya watu wazima wote walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo la damu hata siku moja maishani mwao.

Fikiria jambo hilo ukiwa umesimama kwenye kituo cha kukusanyia majani chai, mahali popote kati ya Kapkatet na Silibwet. Mama anashusha kikapu. Majani yanatiwa kwenye mfuko, mfuko unaning'inizwa kwenye mizani, na macho yote yanaukodolea mshale. Nusu kilo ikipotea kuna maneno. Karani anaandika, mama anaandikiwa risiti, na mwisho wa mwezi tarakimu hizo ndizo zitakazolipa karo. Kwenye mashamba makubwa ni vivyo hivyo, kwani mchumaji hulipwa kwa kilo alizochuma. Hakuna watu katika Kenya nzima wanaoijua mizani kama watu wa Kericho na Bomet. Wameishi nayo tangu kampuni za Kiingereza zilipoanza kilimo kikubwa cha chai katika miaka ya 1920. Na bado mama yule yule, ambaye atakwambia bila kusita kwamba jana alipeleka kilo kumi na nne, ukimwuliza uzito wake mwenyewe atacheka. Mara ya mwisho alipanda mizani akiwa na mimba ya kitinda mimba wake.

Kuna jinsi gani hata mafuta ya tumboni yauchoshe moyo ulio kifuani? Swali hili niliulizwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, na nikaona aibu kumjibu kwa methali. Nilienda kusoma, nikawauliza wenye taaluma, na niliyoyapata ni haya.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu lita zipatazo tano kwa dakika. Kwa siku moja hizo ni zaidi ya lita 7,000, yaani mapipa thelathini na matano ya lita 200 kama yale tunayokinga maji ya mvua chini ya paa. Mafuta ya mwilini si mzigo uliofungwa kwa nje kama gunia mgongoni mwa punda. Ni nyama hai. Yana mishipa yake, yanadai damu yake. Mwili ukinenepa, kiasi cha damu huongezeka, na moyo hulazimika kusukuma zaidi kwa kila pigo, mchana na usiku, hata mwenyewe akiwa amelala. Mwaka wa kwanza moyo hufanya kama afanyavyo mbeba mizigo: hutanuka na kukaza misuli. Kuta za chumba cha kushoto, ambacho ndicho kinachopeleka damu mwilini, huwa nene. Kwa muda mambo huenda.

Lakini mafuta yale, hasa yale yaliyojificha ndani ya tumbo kuzunguka ini na matumbo, hayatulii. Hutoa kemikali zinazoamsha uvimbe wa ndani kwa ndani usioonekana kwa macho. Huyafanya mafigo yashikilie chumvi na maji, na hapo shinikizo la damu hupanda. Huufanya mwili uwe kaidi kwa insulini, na hapo sukari hupanda. Mengine hujipanga kuuzunguka moyo wenyewe. Shingo ikinenepa, njia ya hewa hubanwa usingizini. Mtu hukoroma, hunyamaza kana kwamba amekata roho, kisha hushtuka akivuta pumzi, na kila mara shinikizo la damu hupanda kwa ghafla. Jamaa hucheka na kusema baba ana usingizi mzito. Mambo yote haya humwelekea mbeba mizigo mmoja.

Hatimaye moyo huelemewa, na huelemewa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni misuli kulegea hata isiweze kuisukuma damu kwa nguvu. Njia ya pili ni misuli kuwa migumu hata isiweze kulegea vizuri ili chumba kijae damu baina ya pigo na pigo. Hii ya pili ndiyo iliyo na udugu wa karibu na unene, na ndiyo inayodanganya, kwa sababu ukipima nguvu ya kusukuma waweza kukuta ni nzuri, na mgonjwa akaambiwa moyo wake hauna neno. Inakisiwa kwamba karibu nusu ya wagonjwa wote wa moyo ulioshindwa duniani wamo katika fungu hili. Kwa njia zote mbili matokeo ni mamoja: damu hurudi nyuma na kutuama kama maji kwenye mtaro ulioziba, mapafu hujaa unyevu, na miguu huvimba.

Ushahidi wa uhusiano huu haukuanza jana. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts huko Marekani, wataalamu walianza mwaka 1948 kuwafuatilia wakazi zaidi ya 5,000, kisha watoto wao. Mwaka 2002 walichapisha matokeo ya watu 5,881 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 14. Kati yao 496 walipata ugonjwa wa moyo kushindwa. Walitumia kile kipimo cha kugawanya uzito kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kila kipimo hicho kilipopanda kwa alama moja, hatari iliongezeka kwa asilimia 5 kwa wanaume na asilimia 7 kwa wanawake, hata baada ya kuondoa athari za mambo mengine yajulikanayo. Wenye unene uliopindukia, yaani alama 30 na zaidi, hatari yao ilikuwa takriban maradufu ya wenye uzito wa kadiri. Mwalimu wa hisabati awafanyie wanafunzi wake hesabu hii: kwa mtu wa kimo cha mita 1.65, alama moja ni kilo 2.7 hivi. Ni uzito wa kuku mkubwa wa kienyeji.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya Wazungu. Basi na tusogee karibu. Mwaka 1929 daktari mmoja, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet la London taarifa ya kazi yake katika hospitali ya wenyeji huko Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, mwendo mfupi kutoka mpaka wetu wa Sotik. Alipima watu 1,000 wenye afya. Aliona kwamba shinikizo lao la damu halikupanda kadiri walivyozeeka, kama ilivyokuwa kwa watu wa Ulaya, na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hakukuta hata mmoja mwenye maradhi ya shinikizo la damu. Miaka sitini baadaye, mwaka 1990, ulichapishwa utafiti mwingine uliowafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini kuhamia Nairobi. Shinikizo lao la damu lilianza kuwapita wenzao waliobaki nyumbani katika miezi ya mwanzo tu ya ugeni, na watafiti wakanyoosha kidole kwenye chumvi na uzito. Damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni sahani na mwendo.

Nasi twajua jinsi sahani na mwendo vilivyobadilika hapa. Kericho ndiyo iliyomtoa Wilson Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki, aliponyakua shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha mjini Mexico mwaka 1968. Tumejivunia miguu kwa muda mrefu hata tumesahau kwamba miguu hiyo ilifunzwa na njia ya shule. Mtoto alitembea kilomita nne asubuhi na nne jioni, katika nchi ya vilima iliyo mita zipatazo 2,000 juu ya bahari. Tangu ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 2000, bodaboda hupita kila kijiji, na mwalimu aliyekuwa akitembea sasa hupakiwa mlangoni na kushushwa mlangoni. Sisemi pikipiki iondolewe. Imewafikisha wajawazito wengi hospitalini. Nasema tu kwamba hakuna kilichokuja kujaza nafasi ya zile kilomita nane.

Shambani nako kunabadilika. Mchumaji wa mkono husimama, huinama, hubeba na hupanda mteremko kutwa nzima, na mwili wake hula chakula kingi bila kuweka akiba. Mashine za kuchumia zimepunguza kazi hiyo pamoja na ajira yenyewe, na hasira iliyotokana na jambo hilo tuliiona Mei 2023 mashine zilipochomwa moto huko Kericho. Mjadala wa ajira umeandikwa sana. Lisiloandikwa ni hali ya mtu aliyezoea kula kwa kipimo cha mchumaji kwa miaka ishirini, akaondoka shambani akiwa na miaka hamsini, akakaa dukani au chini ya mti wa nyumbani, sahani ikabaki ile ile. Sahani ni mlima wa kimyet, ambayo ndiyo sima yetu, na kando yake mboga iliyokaangwa kwa mafuta ya kopo hata ikang'aa. Mnavu, ambao wengi wauita managu, uliokuwa ukichemshwa na kutiwa maziwa, sasa waonekana chakula cha wasiojiweza. Msimu wa bonasi ya chai ukifika kila duka la sokoni huwa na foleni, na foleni hiyo haisimami mbele ya kabichi.

Na chai yenyewe? Jani halina kosa. Lakini chai yetu huchemshwa kwa maziwa na kutiwa sukari. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu nne hivi. Mwalimu anywaye vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kwa kila kikombe, amekunywa gramu 48 kabla hajagusa mandazi wala soda. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na likasema ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi. Vikombe viwili vya chumba cha walimu vimekwisha kuimaliza.

Nirudi kwenye maneno, maana ndipo penye hatari niliyoishuhudia kwa karibu. Mwalimu mmoja tuliyesoma naye shule ya upili, mtu wa utani na moyo mkunjufu, alianza kuongezeka uzito katika miaka yake ya arobaini. Tulimsifu. Alipofika hamsini tulikutana kwenye mazishi, nikaona amejaa zaidi, viatu havikufungwa kamba. "Mwalimu, umenawiri kweli kweli," mzee mmoja alimwambia, naye akajibu kwa kicheko, "Ni chakula cha mama watoto, mzee." Baadaye mkewe alitusimulia kwamba miezi ile alikuwa akilala ameegemea mito mitatu, na usiku huamka kwenda dirishani kutafuta hewa. Kile tulichokiita kunawiri kilikuwa maji. Miguu ilikuwa imevimba, tumbo limejaa maji, na moyo ulikuwa umeshindwa kuyaondoa. Alipofikishwa hospitalini alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumua mara mbili. Yu hai, ashukuriwe Mungu, na anakunywa dawa, lakini ubao hawezi tena kuusimamia.

Kiswahili kina kitenzi nenepa na kina kitenzi vimba. Havifanani hata kwa herufi. Hata hivyo, katika adabu yetu ya kusalimiana tumevichanganya. Anayenenepa huongezeka polepole, kwa miezi na miaka. Anayevimba kwa maradhi ya moyo aweza kuongezeka kilo mbili kwa siku tatu, na ukibonyeza kifundo cha mguu wake kwa kidole, shimo hubaki. Mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuijua tofauti hiyo akifundishwa.

Jina la ugonjwa wenyewe nalo latatiza. Wengine husema "kufeli kwa moyo", kana kwamba moyo umekalia mtihani. Wengine husema "moyo kusimama", na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu moyo uliosimama ni maiti, ilhali ugonjwa huu mtu huishi nao miaka akitibiwa. Wengine huuchanganya na mshtuko wa moyo, ambao ni mshipa wa moyo kuziba kwa ghafla. Mgonjwa anayeambiwa moyo wake umefeli huenda nyumbani kungoja kufa, akaacha dawa. Mimi napendelea kusema moyo kuelemewa. Mtu wa Bomet anayeijua mizigo ya majani mteremkoni ataelewa mara moja: aliyeelemewa bado anatembea, na mzigo waweza kupunguzwa.

Hapa sina budi kuweka mpaka, nisije nikawa mzushi. Si kila moyo ulioelemewa huku kwetu umeelemewa na unene. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, imejipatia jina kwa upasuaji wa moyo, na wengi wa waliopasuliwa huko ni vijana wembamba ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi yanayotokana na maambukizo ya koo yaliyopuuzwa utotoni. Wako wanawake ambao moyo huwadhoofikia karibu na kujifungua. Wako walioharibiwa na pombe. Kumwambia mgonjwa yeyote kwamba amejiletea kwa kula ni ujinga, na pia ni ukatili. Tena unene wenyewe mara nyingi hauji kwa ulafi. Huja kwa sababu unga, mafuta na sukari ndivyo vishibishavyo kwa bei ndogo. Mtoto mnene akichekwa darasani na mwalimu akanyamaza, hakuna moyo uliookolewa.

Lakini unene na shinikizo la damu ndiyo njia inayopanuka. Utafiti wa hospitali kumi na mbili katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa wakiwa na umri wa wastani wa miaka 52, na chanzo kikuu, kwa asilimia 45 hivi, kilikuwa shinikizo la damu. Huko Ulaya na Marekani ugonjwa huu ni wa wazee wa miaka sabini na zaidi. Hapa kwetu miaka 52 ni mwalimu aliyebakiwa na miaka minane kabla ya kustaafu, ana mtoto chuoni na mwingine kidato cha pili.

Wanafunzi wenye kusoma huenda wakanipinga kwa hoja iliyotajwa sana: kwamba kati ya wale ambao tayari wana ugonjwa huu, wanene wameonekana katika tafiti kadhaa kuishi muda mrefu kuliko wembamba. Hoja hii ilikuwapo, na iliwachanganya hata madaktari. Mwaka 2023 uchambuzi wa wagonjwa wa jaribio moja kubwa la dawa ulionyesha kwamba ukitumia kiuno kulinganishwa na kimo badala ya uzito tu, faida hiyo ya unene hutoweka. Isitoshe, ugonjwa ukikomaa wenyewe humkondesha mtu, kwa hiyo wembamba wengine walikuwa wamekwisha kudhoofika. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti wa dawa ya semaglutide kwa watu 529 wanene wenye moyo mgumu usiojaa vizuri. Waliopewa dawa walipungua uzito, pumzi zao zikawa nafuu na wakaweza kutembea mbali zaidi. Bei ya dawa hiyo iko mbali na mfuko wa mchumaji. Ila kwa hoja yetu inatosha: mzigo ulipopunguzwa, mbeba mizigo alipata nafuu.

Serikali haijakaa bure kabisa. Septemba 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu, sukari na uzito. Kwa maoni yangu mikoba hiyo ingefika kwenye vituo vya majani chai kabla ya kufika mahali pengine popote. Pale watu huja wenyewe, husubiri foleni, na mizani ipo. Viwanda na mashamba makubwa, yawe chini ya mwenye mali yupi, vimezoea kuhesabu kilo. Havitashindwa kutenga saa moja kwa mwezi.

Shuleni nako kuna kipindi cha mazoezi ya viungo kilichoandikwa kwenye ratiba na kuliwa na hisabati, Kiingereza na, nakiri kwa niaba ya wenzangu, Kiswahili. Kirudishwe, na walimu wakitoke pamoja na watoto. Kwenye chumba cha walimu bakuli la sukari liwe mezani pembeni, kila mtu ajitilie, kuliko kuichemsha ndani ya sufuria moja ambamo asiyetaka hana hiari.

Na kwa kuwa shule nyingi za huku hazina mizani ya watu, lipo jaribio la kamba ambalo darasa zima laweza kulifanya kwa dakika kumi. Mwanafunzi akate kamba ya katani yenye urefu sawa na kimo cha mzazi wake, kuanzia unyayo hadi utosi. Aikunje katikati. Aizungushe hiyo nusu kiunoni mwa mzazi, usawa wa kitovu, bila kuivuta wala mzazi kubana tumbo. Ncha zikikutana, kiuno hakijazidi nusu ya kimo. Zisipokutana, mzazi huyo aende kituo cha afya kilicho karibu apimwe shinikizo la damu na sukari juma hilo hilo, na mwanafunzi aziandike tarakimu zake daftarini pamoja na tarehe, kama karani anavyoandika majani.